Shairi la Farasi Waliosimama

Wanawake wa kabila la Wulad Zerga walikuwa wameshateka maji, mitungi imejaa pomoni, lakini walikuwa bado wamekaa kisimani wakifunga na kufungua vitambaa vyao vya kichwa. Hniya aliwaona tangu kilimani, akajua wanamsubiri yeye. Mtu aliyemaliza kuteka hakai juani bure. Alimshika mkono binti yake Izza, akateremka naye hivyo hivyo, maana kurudi nyumbani na mitungi mitupu kungekuwa aibu nyingine juu ya ile waliyokuwa nayo.

"Mjane wa Jilali huyo," alisema Mbarka, mwimbaji wa Wulad Zerga, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufukuzia ndege shambani. "Mpisheni jamani. Watu wake hawapendi kusogea mbele."

Wenzake wakacheka. Mbarka akaupiga mtungi wake kwa kiganja, akaanza ule ubeti wake:

Mlitoka mkivuma, mkafika mkaganda,
Mlipouona moto, hatamu mkazipinda,
Farasi wanauliza: yu wapi wa kutupanda?

Ubeti huo ulikuwa umesafiri mbali kuliko mtunzi wake alivyowahi kusafiri. Uliimbwa sokoni, uliimbwa na wachungaji, na hata watoto wa Wulad Ghanu wenyewe, ambao baba zao ndio waliotukanwa, walikuwa wakiuimba mpaka wakachapwa. Ulikuwa na mahadhi matamu, hilo lazima lisemwe. Laiti ungekuwa mbaya ungekufa wenyewe.

"Sauti imekukauka, Mbarka," alisema Hniya huku akishusha kamba. "Kunywa maji."

"Nimeshakunywa, dada. Nakusubiri wewe. Tumesikia utasimama kwenye hauli ya Sidi Msahil utujibu. Utasimama kweli, au nawe ukiona moto unavuta hatamu?"

Hniya alivuta maji yake. Yeye alikuwa malenga wa kabila lake, Wulad Ghanu, alikuwa ameziba midomo ya watu wakali kuliko Mbarka, na sasa alinyamaza mbele ya wanawake kama mwari. Iliuma. Na kilichozidi kuuma ni kwamba jibu alikuwa nalo, lakini jibu lenyewe lilikuwa linamgusa baba yake mzazi.

Njiani Izza aliuliza, bila kumtazama, "Mama, ni kweli Baba aliogopa?"

"Nani kasema?"

"Wale wanasema kwa kuimba. Wetu wanasema kwa kunyamaza."

"Baba yako hakuogopa."

"Basi farasi walisimama kwa nini?"

Hniya alisogeza mtungi mgongoni, akasema jua kali, twende.

Kwa nini farasi walisimama, kila mtu mzima wa Wulad Ghanu alikuwa anajua. Bushta, baba yake Hniya, ndiye aliyekuwa mukadamu, yaani kiongozi wa wapanda farasi wao, na katika tambarare zote za kwetu hapakuwa na mukadamu wa kumfikia. Wakati wa amani, kwenye hauli ya kila mwaka kaburini kwa walii, wapanda farasi wa kila kabila hukimbiza farasi bega kwa bega hadi mbele ya mahema, mukadamu akapiga ukelele, bunduki zote zikalia kwa pamoja kama bunduki moja, na farasi wakasimama papo hapo. Ndiyo heshima yenyewe. Katika makabila mengine mpandaji huvuta hatamu kwa nguvu zake zote, na farasi husimama ovyo, huyu mbele, huyu nyuma, kama meno ya mzee. Farasi wa Bushta hawakuvutwa na mtu. Alikuwa amewafunza tangu wakiwa wadogo: bunduki inalia karibu na sikio, mwanafarasi akisimama anapewa shayiri, asiposimama hapati. Hniya mwenyewe, usichana wake wote, ndiye aliyekuwa akishika bakuli la shayiri.

Mwishowe mlio peke yake ulitosha. Wapanda farasi wa Wulad Ghanu waliachia hatamu kabisa, wakainua bunduki kwa mikono miwili, wakafyatua, na farasi wote wakaganda kwenye mstari mmoja kama waliopigiliwa misumari. Watu walikuwa wakilia kwa uzuri wa jambo lile. Wulad Ghanu wakavimba vichwa, wakawa hawashikiki, na kila mwaka walirudi nyumbani wakiimba jina la Bushta njia nzima.

Kisha Wafaransa wakashuka pwani na kuingia tambarare, wakitembea kwa kupangana mraba, bunduki zikitazama pande zote. Makabila yakakubaliana: Wulad Ghanu watatangulia kwa farasi, wapige mara moja, waupasue ule mraba na kupita juu yake, na Wulad Zerga waliokuwa wamejibanza mlimani wateremke kwa miguu kumalizia. Asubuhi hiyo Bushta aliwaongoza vijana wake bega kwa bega. Walienda vizuri kuliko siku yoyote. Walipokaribia alipiga ukelele wake ule ule, wakaachia hatamu, wakainua bunduki, wakafyatua kama mtu mmoja.

Na farasi wakasimama.

Wale wa mlimani walisema baadaye kwamba hata Wafaransa walipigwa na butwaa, hakuna aliyefyatua, mstari ule wa farasi ukiwa umetulia mbele yao unapumua. Halafu wakaanza. Vijana walipiga mateke, walitukana, walilia, na farasi waliendelea kusimama wakisubiri shayiri yao. Jilali, mume wa Hniya, alikuwa katikati ya mstari. Bushta alipona kwa sababu farasi wake jike alimwangukia, akamvunja mguu na kumfunika.

Wulad Zerga, ambao farasi wao hawasimami bila kuvutwa, waliona wanaume wamesimamisha farasi mbele ya adui, wakasema lile ambalo macho yao yaliwaambia. Na Wulad Ghanu, waliojua, walisema ni kadari ya Mungu. Walikuwa wamepiga makofi miaka yote ile, wangesema nini kingine?

Hauli ilipokaribia wazee walikuja kwa Hniya na bonge la sukari na majani ya chai, kama desturi inavyotaka mtu anapomwomba malenga kazi.

"Tutungie kwamba waliupasua mraba," alisema mkubwa wao. "Wakafia humo ndani."

"Wulad Zerga walikuwa wanatazama, baba zangu."

"Wacha watazame. Wewe tunga."

"Nitachekwa kabla sijamaliza ubeti."

Mzee akasogeza sukari mbele kidogo. "Basi tunga unavyoona, mwanangu. Lakini Bushta ndiye jina letu. Ukimwangusha yeye, sisi tunabaki na nini?"

Hniya aliichukua kazi. Mishororo mitatu ilimjia akiwa anakanda unga, ikakaa vizuri, hakubadilisha neno. Mshororo wa nne nao ulimjia palepale, na alipousikia kichwani mwake aliacha unga akatoka nje. Ulikuwa mshororo bora kuliko wowote aliowahi kutunga, na ulikuwa na baba yake ndani. Kwa siku kadhaa alihangaika kutafuta mwingine wa kuuweka mahali pake. Akapata mmoja, wa kusema kwamba ni amri ya Mwenyezi, hakuna wa kulaumiwa.

Akaenda kumwimbia baba yake. Bushta siku hizo alikuwa akishinda bandani, mguu wake mbovu ameunyoosha, mbele ya vihori ambavyo havikuwa na farasi. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha, maana alikuwa mtu anayejua nyimbo.

"Mitatu ya kwanza imekaa," alisema. "Huo wa mwisho umelegea."

"Najua, Baba."

"Uache hivyo hivyo."

"Mbarka hatauacha. Nikisema farasi walifunzwa kusimama, ataniuliza mbele za watu: walifunzwa na nani?"

"Mwambie Mungu."

"Atacheka."

"Acheke. Kicheko kinaua mtu?" Bushta alijaribu kukaa sawa, uso ukajikunja kwa maumivu, Hniya akataka kumshika, akakataa. "Wafu hawasikii nyimbo, Hniya. Waite waoga, waite simba, kwao ni mamoja. Mimi nasikia."

"Mama Yamna anasikia. Alimzaa Jilali. Na Izza anasikia, kila siku, kisimani."

"Mimi ni baba yako."

"Sijasahau."

Bushta alikitazama kihori kilichokuwa mbele yake. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Yule kijana aliachia hatamu kwa sababu mimi nilimwambia aachie. Unadhani silijui hilo? Nalijua kuliko wewe. Lakini nalijua peke yangu, humu bandani. Ukiliimba, nitalijua mbele ya watu."

Hniya alimhurumia. Huyu ndiye aliyembeba mabegani kumpeleka kumwona mwanafarasi wake wa kwanza akizaliwa. Akamwambia basi, Baba, nitaimba wa Mwenyezi, na wakati anasema hivyo alikuwa anamaanisha.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Yamna, akisaga shayiri, mwanamke mdogo wa mwili ambaye tangu afiwe alikuwa akizungumza kwa uchache sana kama mtu anayeokoa mafuta ya taa. Hniya akamwimbia naye ubeti, pamoja na mshororo wa Mwenyezi. Jiwe likaendelea kuzunguka hadi ubeti ukaisha.

"Mungu hakushika bakuli la shayiri," alisema Yamna.

"Mama, ni baba yangu."

"Na yule alikuwa mwanangu." Alikusanya unga kwa ukingo wa mkono. "Sikulazimishi, binti. Kumtaja mzazi ni jambo zito, na mimi nisingekutaka ufanye. Usipoweza, nyamaza kabisa, tutaendelea kuinama. Lakini usisimame pale ukaniimbia kadari. Kadari nimeshaimbiwa na kila mtu aliyekuja kunywa chai yangu."

Hauli ya Sidi Msahil mwaka huo ilikuwa ya huzuni. Mahema yalikuwepo, mishumaa, halua, waganga wa meno na kelele zao, lakini uwanja wa farasi ulikuwa umeota nyasi, na watu walikuwa wakiuzunguka badala ya kuukatiza. Wafaransa waliruhusu ziara na kukataza baruti. Wapanda farasi wachache waliobaki katika makabila walikuja na nyumbu.

Bushta naye alikuja na nyumbu, Hniya akiwa ameshika kamba. Watu wa Wulad Ghanu walimtandikia zulia mbele kabisa, wakambusu bega kama zamani. Upande wa pili walikaa Wulad Zerga, na Mbarka katikati yao, dufu mapajani. Desturi ya pale ni kwamba malenga mmoja akiimba kujibu shutuma, yule aliyeshutumu ndiye anayepokea: akiona jibu halisimami, anapiga dufu kwa fujo na kurudia kejeli yake, na uwanja mzima unamfuata. Akiona limesimama, anaurudia mshororo wa mwisho kama ulivyo, na kejeli inazikwa siku hiyo, haiimbwi tena na mtu.

Hniya alisimama. Alimtazama baba yake, naye akamtikisia kichwa kidogo, kwa upole, kama alivyokuwa akimtikisia kichwa mwanafarasi mwenye wasiwasi. Akaanza:

Msiwaulize wafu, hatamu zililegea,

Minong'ono ikaanza upande wa Wulad Zerga. Hatamu zililegea? Wanaume wakatazamana.

Mikono yote hewani, bunduki zikiongea,

Hapo wakaelewa, maana wote ni watu wa farasi. Mtu aliyeinua bunduki kwa mikono miwili anavuta hatamu kwa mkono gani? Mzee mmoja wa Wulad Zerga akaweka kiganja mdomoni.

Walifunzwa kusimama, na somo likakolea,

"Walifunzwa na nani?" aliita Mbarka. Hakuita kwa kejeli. Alitaka kujua, na uwanja wote ulitaka kujua, hata wale waliokuwa wanajua walitaka kusikia kama kuna mtu atasema.

Mshororo wa Mwenyezi ulikuwa tayari mdomoni mwa Hniya. Aliufungua mdomo ili autoe. Mbele yake aliona uso wa baba yake, umekaza, unasubiri huruma aliyoahidiwa. Pembeni, nyuma ya wanawake, akamwona Yamna amesimama na Izza, na Yamna alikuwa ameshainamisha kichwa, ameanza kuinama kabla hajaimbiwa, kwa sababu hakumtarajia mtu yeyote duniani amtaje baba yake. Kule kuinama ndiko kulikomshinda Hniya.

Na aliyewafundisha, ndiye aliyenilea.

Nyumbu mmoja alipiga kwato na kila mtu akamsikia. Mbarka aliangalia dufu lake kwa muda mrefu. Mwanamke yule alikuwa na ulimi mchafu, lakini alikuwa malenga kabla hajawa adui, na alijua alichosikia. Akalipiga dufu mara moja, taratibu, akarudia: na aliyewafundisha, ndiye aliyenilea. Wanawake wa Wulad Zerga wakapokea. Kisha wanaume wao. Kisha, kwa sauti iliyoanza chini na kupanda, Wulad Ghanu wenyewe.

Yamna aliita jina la mwanawe. Hakuwa amelitamka hadharani tangu siku ile. Wajane nao wakaita ya kwao, Jilali, Maati, Salah, Qasmi, na kila jina lilipotajwa wanaume wa Wulad Zerga walivua vilemba. Izza alikuwa analia huku amesimama wima kabisa. Mbarka alikuja mwenyewe, mzima mzima na unene wake, akamshika Hniya mikono, akasema, "Dada, nisamehe. Ubeti wangu nimeuzika."

Hniya akasema amesamehe, na macho yake yalikuwa yanamtafuta baba yake.

Bushta alikuwa bado juu ya zulia. Watu walimpita. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyetema mate, walimpita tu, na kila aliyefika karibu alipata ghafla kitu cha kutazama upande mwingine. Wale waliombusu bega asubuhi walikuwa wanakunja mahema yao. Mjane mmoja kijana alisimama mbele yake akafungua mdomo, akaufunga, akaondoka. Ilipofika wakati wa kumpandisha nyumbu hakuna mwanaume aliyekuja kusaidia. Hniya na Yamna ndio waliomwinua, Yamna akimshika upande wa mguu mbovu, bila neno, na alipokwisha kukaa Yamna aliondoka na Izza kwa njia nyingine.

Wakaenda, Hniya mbele na kamba. Kutoka nyuma yao, uwanjani, watu walikuwa bado wanaimba. Vijana fulani waliowapita njiani na kondoo wao walikuwa wameshaudaka ubeti, wakauimba wote mishororo minne, kisha wakamtambua aliye juu ya nyumbu, wakakatiza na kuharakisha kondoo. Walipofika mbali kidogo wakaanza tena.

"Baba," alisema Hniya. "Nilikuahidi."

"Uliniahidi."

"Nilitaka kuuimba ule mwingine. Wallahi nilikuwa nao mdomoni."

"Ule ulikuwa mbovu," alisema Bushta.

Walitembea. Hniya alidhani baba yake amemaliza kusema naye, pengine kwa maisha yote, na alikuwa tayari kwa hilo.

"Huu wataimba mpaka lini?" aliuliza Bushta.

"Mpaka wauchoke, Baba."

Bushta aligeuza kichwa kidogo kusikiliza wale vijana wa kondoo. Mkono wake ulikuwa unafuata mahadhi juu ya shingo ya nyumbu, huenda bila yeye kujua.

"Hawatauchoka," alisema. "Ni mzuri mno."

Katika maisha yake yote baba yake alikuwa hajawahi kuusifu utungo wake hata mmoja. Hniya aliikaza kamba mkononi, akaendelea kutembea bila kugeuka nyuma, akatamani kwa moyo wote angekuwa malenga mbovu.